Jenny Durkan: kutoka meza ya mashtaka hadi kiti cha umeya

Agosti 30, 2010, John T. Williams alikuwa akivuka barabara katikati ya jiji la Seattle, mkononi ana kisu kidogo na kipande cha ubao. Kisu kilikuwa cha kazi. Alikuwa mchonga vinyago, mtoto wa ukoo wa wenyeji wa asili wa pwani ya Kanada waliorithishana ufundi huo kwa vizazi saba, na sikio lake moja halikusikia. Polisi alimwamuru atupe kisu. Sekunde chache baadaye alimmiminia risasi, na mzee huyo akafa palepale njiani.

Mwendesha mashtaka wa kaunti alilipitia jalada, na Februari 2011 akatangaza kwamba hawezi kumfungulia polisi yule kesi. Sheria ya jimbo la Washington wakati ule ilitaka ithibitishwe kwamba askari aliua kwa nia ovu, na ushahidi wa namna hiyo karibu haupatikani. Kwa mtu aliyekulia Kenya au Tanzania, ambako mashtaka yote yako chini ya ofisi moja ya DPP, hapo mlango umefungwa. Marekani kuna mlango mwingine, na aliyekuwa ameushika Seattle wakati huo ni Jenny Durkan.

Serikali ya shirikisho imeigawa nchi katika wilaya 94 za mahakama, na waendesha mashtaka wakuu wa wilaya hizo ni 93, kwa kuwa mmoja anahudumia mbili kule Pasifiki. Kila mmoja huteuliwa na rais na kuthibitishwa na Seneti. Durkan, mwanasheria aliyesoma sheria Chuo Kikuu cha Washington, aliteuliwa na Barack Obama mwaka 2009 kushika wilaya ya magharibi ya jimbo hilo. Kazi za cheo hicho ni makosa dhidi ya sheria za taifa: kughushi pasipoti, kukwepa kodi ya serikali kuu, utapeli unaovuka mipaka ya majimbo. Ofisi yake ndiyo iliyomfungulia mashtaka Roman Seleznev, Mrusi aliyeiba namba za kadi za benki kwa wingi. Alikamatwa Maldives mwaka 2014, na baadaye akahukumiwa kifungo cha miaka 27.

Nisimame hapa kidogo, maana wengi wetu tunaoishi Kent, Tukwila na SeaTac, miji ya jirani na Seattle, huchanganya ofisi hizi, na kuchanganya huko kuna gharama. Ukikamatwa umelewa ukiwa kwenye usukani, kesi yako ni ya jiji au kaunti. Ukijaza uongo kwenye fomu ya serikali kuu, unaweza kujikuta mbele ya mwendesha mashtaka wa shirikisho. Kesi ya kufukuzwa nchini si ya huyu wala yule: mahakama ya uhamiaji ina wanasheria wake wa serikali. Kwenye kesi ya jinai inayoweza kukufunga, asiye na uwezo hupewa wakili. Kwenye mahakama ya uhamiaji unamtafuta na kumlipa mwenyewe. Na kosa dogo ulilolikiri kwa jaji wa jiji ili upesi urudi kazini laweza kukusubiri siku ya kuomba uraia. Usikiri lolote kabla hujazungumza na wakili anayejua makaratasi ya uhamiaji.

Turudi kwa Durkan. Desemba 2010, miezi michache baada ya kifo cha Williams, shirika la haki za kiraia la ACLU pamoja na jumuiya 34 nyingine za Seattle, zikiwamo za wahamiaji, ziliiandikia Wizara ya Sheria barua kuomba polisi wa jiji wachunguzwe. Sheria ya mwaka 1994, iliyotungwa baada ya kipigo ambacho polisi wa Los Angeles walimpa Rodney King, inairuhusu wizara kuchunguza idara nzima ya polisi bila kusubiri askari mmoja apatikane na hatia. Uchunguzi ulianza Machi 2011, ofisi ya Durkan ikishirikiana na wenzao wa makao makuu. Desemba mwaka huohuo majibu yalitoka: polisi wa Seattle walipotumia nguvu, karibu mara moja katika kila mara tano walivunja Katiba. Julai 2012 jiji lilitia sahihi makubaliano ya marekebisho chini ya usimamizi wa mahakama, na kesi ikawa mikononi mwa Jaji James Robart.

Kwangu mimi hiyo ndiyo kazi kubwa kuliko zote alizofanya. Mchonga vinyago hakupata haki yake mahakamani, lakini kifo chake kiliifikisha idara nzima mbele ya jaji.

Durkan aliacha ofisi hiyo mwaka 2014.  Mwaka 2017 meya wa Seattle alijiuzulu kwa kashfa, na Novemba Durkan akashinda uchaguzi dhidi ya Cary Moon na kuwa mwanamke wa kwanza kushika umeya huo tangu Bertha Knight Landes wa miaka ya 1920. Meya wa hapa huchaguliwa na wananchi moja kwa moja, tofauti na Tanzania ambako madiwani humchagua mmoja wao. Kiapo alikula kwenye ukumbi wa jumuiya ya Waethiopia, kusini mwa jiji, na majirani zetu hawakusahau heshima hiyo.

Alifanya mambo yaliyotugusa. Mpango wake wa chuo cha miaka miwili bila ada kwa wahitimu wa sekondari za umma za Seattle ulipitishwa kwa kura ya wananchi mwaka 2018. Madereva wa Uber na Lyft, ambao wengi wao ni watu wa Afrika Mashariki, walipata kima cha chini cha malipo kuanzia Januari 2021: senti 56 kwa dakika na dola 1.33 kwa maili wakiwa na abiria. Waliolala ndani ya magari yao pale uwanja wa ndege wakisubiri zamu wanajua thamani ya tarakimu hizo.

Kisha ukaja mwaka 2020. Mwezi Mei jiji lake lilimwomba Jaji Robart aliondolee sehemu ya masharti yaleyale ambayo Durkan mwenyewe alikuwa amelibana nayo. Wiki chache baadaye George Floyd aliuawa na polisi kule Minneapolis, mitaa ikajaa waandamanaji, na jiji likaliondoa ombi. Meya alitangaza mabomu ya machozi yasitumike kwa siku 30. Siku chache tu zikapita, yakarushwa tena. Juni 12 jaji mwingine wa shirikisho, Richard Jones, akayapiga marufuku kwa amri ya mahakama. Polisi waliacha kituo chao cha mtaa wa Capitol Hill, waandamanaji wakashika mitaa hiyo hadi Julai 1, na vijana wawili waliuawa kwa risasi humo. Baadaye ikagundulika kwamba ujumbe wa simu ya meya wa miezi kadhaa ulikuwa umefutika. Mwaka 2023 jiji lililipa dola milioni 3.65 kumaliza kesi ya wafanyabiashara wa eneo hilo.

Siamini kwamba Durkan aliwageuka watu. Mwendesha mashtaka huuliza maswali, na wengine huyajibu. Meya ndiye anayejibu, huku polisi ni wake na bajeti ni yake. Ila kufutika kwa ujumbe ule ni kosa ambalo yeye, kwa kazi aliyotoka, asingemsamehe mtu mwingine. Desemba 2020 alitangaza kuwa hatagombea tena.

Septemba 2023 Jaji Robart aliondoa sehemu kubwa ya masharti, miaka 11 baada ya kuwekwa. Yote yalianzia kwenye barua ya jumuiya 35. Chama chenu kikiletewa barua ya namna hiyo, isomeni kikaoni kwa sauti, muulize maswali, na mkiridhika wekeni sahihi.