TUNZA KARATASI ZA OFISI YA KIJIJI



Umekwisha kujua kusoma na kuandika. Labda sasa wenzako wamekuchagua uwe katibu wa kikundi, au mjumbe wa Halmashauri ya Kijiji. Labda wewe ni mtunza hazina wa chama cha kuweka na kukopa. Basi karatasi zimeanza kukujia. Kuna barua, stakabadhi, mihtasari ya mikutano, orodha za wanachama. Je, unaziweka wapi? Na mtu akija baada ya miaka mitatu kuulizia mojawapo, utaipata?

Nitakueleza jambo nililoliona kwa macho yangu. Kijiji chenyewe sikitaji jina, maana viongozi wake wa sasa hawana kosa.

Mama mmoja mjane alifika ofisini kulalamika. Mwaka 1986 Halmashauri ya Kijiji ilimpa marehemu mume wake shamba la ekari nne. Mume alipofariki, mama aliendelea kulima. Kisha kijana wa jirani akaanza kusogeza mpaka. Mwaka wa kwanza alisogeza hatua chache. Mwaka wa pili akafika kwenye mwembe wa mama. Shauri likapelekwa mbele ya Baraza la Ardhi la Kijiji. Baraza hilo lina wajumbe saba, na watatu kati yao ni wanawake. Kazi yake ni kusuluhisha. Wajumbe wakauliza, "Mpaka uliwekwa wapi?" Kati ya wazee waliopima shamba lile, mmoja tu alikuwa hai. Naye hakukumbuka kama mpaka ulipita kwenye kijito au kwenye mkuyu.

Wakasema, tutazame muhtasari wa kikao cha mwaka ule. Mimi nilikuwapo siku hiyo, kwa kuwa darasa letu la kisomo lilikuwa likikutana katika ukumbi wa ofisi ile. Tulifungua sanduku. Daftari la mwaka 1985 lilikuwamo. La mwaka 1987 lilikuwamo, ingawa mchwa walikuwa wamekula pembe moja. La mwaka 1986 halikuwamo. Mzee mmoja akasema polepole kwamba zamani karatasi za ofisi ziliwahi kutolewa kwa muuza karanga, kwa sababu zilionekana za zamani.

Mama yule hakusema neno. Alifunga kanga yake vizuri akaondoka.

Karatasi ilipatikana baada ya miezi saba. Haikupatikana kijijini. Ilipatikana katika ofisi ya kata. Yule katibu wa mwaka 1986 alikuwa ameandika muhtasari kwa karatasi ya kaboni, akapeleka nakala kata. Na karani wa kata, ambaye leo hakuna anayemkumbuka jina, aliitia nakala ile katika jalada lililoandikwa ARDHI. Iliandikwa wazi: mpaka ni kijito. Mama alirudishiwa sehemu yake. Lakini msimu mmoja wa mahindi ulikuwa umekwisha kumpita.

JALADA MOJA, JAMBO MOJA

Katika ofisi kubwa za serikali kuna chumba maalumu cha kutunzia majalada. Chumba hicho huitwa masjala. Ofisi ya kijiji haina masjala. Ina meza, kiti, na pengine kabati au sanduku la bati. Hivyo vinatosha. Kinachotakiwa ni utaratibu.

Jalada, au faili, ni karatasi ngumu iliyokunjwa. Ndani yake hutiwa karatasi zote zinazohusu jambo moja. Barua za shule ziingie katika jalada la shule. Barua za kisima ziingie katika jalada la maji. Barua moja ikizungumzia mambo mawili, andika nakala uitie kotekote. Na wewe unapoandika barua, jitahidi kueleza jambo moja tu katika barua moja. Utamwondolea mwenzako taabu.

Je, kijiji kinahitaji majalada mangapi? Anza na machache. Mkutano Mkuu wa Kijiji uwe na jalada lake, Halmashauri lake, na tena Ardhi, Fedha, Shule, Afya, Maji, na Barua za Wilaya. Likitokea jambo jipya lenye barua nyingi, fungua jalada jipya. Nimewahi kuona ofisi yenye majalada zaidi ya hamsini, mengi yana karatasi moja moja tu. Huko ni kuficha karatasi. Nimeona pia ofisi yenye jalada moja nene kama tofali, limeandikwa MENGINEYO. Kila kitu kilikuwa humo, hata picha ya harusi. Jalada la jina hilo liogope. Ukilazimika kuwa nalo, lipekue kila mwezi, uhamishe karatasi zake.

Kila jalada lipewe namba. Kwa mfano, Ardhi iwe KJ/1, Fedha iwe KJ/2, Shule iwe KJ/3. Namba hiyo iandikwe juu ya jalada kwa herufi kubwa. Iandikwe pia katika barua unayotuma, mahali palipoandikwa "Kumb. Na." Anayekujibu ataitaja namba hiyo. Jibu lake likifika, utajua mara moja ni la jalada gani, hata kabla hujaisoma barua yote. Orodha ya majalada yote na namba zake ibandikwe ndani ya mlango wa kabati.

BARUA INAPOFIKA

Tuseme leo imefika barua kutoka kwa Afisa Elimu Kata. Anauliza idadi ya watoto wanaotakiwa kuanza darasa la kwanza. Ufanyeje?

Kwanza, andika tarehe ya leo juu ya barua. Tarehe aliyoiandika yeye haitoshi, maana barua huweza kukaa njiani wiki mbili. Pili, iandike katika Daftari la Barua Zinazoingia. Andika tarehe, imetoka kwa nani, inahusu nini, na imetiwa katika jalada gani. Tatu, itoboe, uitie katika jalada la Shule juu ya karatasi zilizotangulia. Karatasi mpya hukaa juu. Nne, andika namba katika pembe ya juu, upande wa kulia. Kama karatasi iliyotangulia ilikuwa ya 7, hii ni ya 8.

Namba hii ya pembeni watu wengi huidharau. Mimi naipenda kuliko zote. Ukilifungua jalada ukaona 6, 7, 9, basi unajua kwamba ya 8 imetolewa. Bila namba, karatasi huondoka kimya kimya, wala hakuna atakayejua kwamba iliwahi kuwapo.

Kisha mwenyekiti ataiona barua, nawe utaandika jibu. Andika nakala mbili. Moja itumwe. Ya pili itiwe katika jalada lilelile, iwe namba 9. Ofisi nyingi hutunza barua walizoandikiwa, lakini hawatunzi walizoandika wenyewe. Baadaye huulizwa, "Mlijibu nini?" wakatazamana.

Jalada likijaa, usilazimishe. Andika juu yake LIMEFUNGWA, pamoja na tarehe. Fungua sehemu ya pili yenye namba ileile. La zamani lisitupwe. Likae karibu.

Mtu akitaka kuazima jalada, asiondoke nalo hivi hivi. Weka mahali pake kipande cha karatasi ngumu. Kiandikwe namba ya jalada, jina la aliyelichukua, na tarehe. Naye atie sahihi. Hata Mwenyekiti atie sahihi. Mweleze kwa heshima, "Mzee Mwenyekiti, shikamoo. Naomba sahihi yako hapa, nisije nikasahau jalada lilipo." Kiongozi mwema hatakasirika. Majalada mengi niliyoona yamepotea hayakuibiwa. Yaliazimwa na watu wema, wakayaweka nyumbani chini ya kitanda.

ADUI WA KARATASI

Adui wa kwanza ni mchwa. Sanduku lisikae chini juu ya udongo, wala lisiegemezwe ukutani. Liinue juu ya mawe au matofali. Lifungue kila wiki utazame. Mchwa hawapigi hodi, na kwa wiki chache hula kazi ya miaka kumi.

Panya nao hupenda ofisi yenye makombo. Usihifadhi chakula katika kabati la majalada. Kuhusu mvua, tazama paa kabla ya masika. Karatasi zikilowa, usizianike juani. Zitandaze kivulini penye upepo, moja moja. Jua kali hufifisha wino. Mifuko ya plastiki huzuia mvua, lakini hufungia unyevu ndani, na karatasi hupata ukungu.

Pini za chuma hushika kutu na kutoboa karatasi. Tumia uzi wa jalada. Karatasi iliyochanika usiibandike kwa utepe wa gundi wa dukani, maana baadaye utepe hugeuka rangi na kuharibu maandishi.

Sasa kuna adui mpya ambaye walimu wetu wa zamani hawakumjua. Kuanzia mwaka 2010 wafanyabiashara nchini wamekuwa wakitoa risiti za mashine. Karatasi ya risiti hizo haitumii wino. Maandishi yake hutokezwa kwa joto. Kwa hiyo joto hilohilo na mwanga huyafuta. Mlinunua saruji ya kujengea choo cha shule, mkapewa risiti, mkaitia katika jalada. Mkaguzi anapofika baada ya miaka miwili anakuta karatasi nyeupe. Mtunza hazina anaonekana mwizi, naye hakuiba hata shilingi! Risiti ya namna hiyo itolewe fotokopi siku ileile. Fotokopi ibandikwe pamoja na risiti yenyewe, na namba ya risiti iandikwe kwa kalamu pembeni.

Wengine huniuliza, "Je, tukipiga picha kwa simu haitoshi?" Picha ni jambo jema, hasa ikiwa iko katika simu za watu wawili. Lakini simu huanguka majini, huibiwa, na mwenyewe huweza kuhama kijiji. Karatasi yenye sahihi na muhuri ibaki katika jalada.

ITUNZWE MUDA GANI?

Si kila karatasi ni ya kutunzwa daima. Mwaliko wa sherehe iliyokwisha pita hauna kazi kubwa. Lakini ziko karatasi ambazo zisiguswe kamwe. Hizo ni mihtasari ya Mkutano Mkuu na ya Halmashauri, sheria ndogo za kijiji, makubaliano ya mipaka na vijiji jirani, na rejista ya ardhi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inataka kila Halmashauri ya Kijiji iwe na rejista ya ardhi ya kijiji. Afisa Mtendaji wa Kijiji ndiye mwenye dhamana ya kuitunza. Hati za hakimiliki za kimila zinategemea rejista hiyo.

Kuhusu mikataba, itazame sheria. Sheria ya Ukomo ya mwaka 1971 inampa mtu miaka sita kudai mahakamani jambo la mkataba, na miaka 12 kudai ardhi. Kwa hiyo mkataba wa fundi aliyejenga zahanati usitupwe eti kwa sababu jengo limekwisha. Fundi anaweza kudai. Ninyi pia mnaweza kudai. Na karatasi ya ardhi msihesabu miaka. Mkumbuke yule mama.

Karatasi za ofisi ya kijiji si mali ya mtendaji wala ya mwenyekiti. Ni kumbukumbu za umma. Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ya mwaka 2002 inakataza kuziteketeza bila idhini. Kabati likijaa, waandikieni Halmashauri ya Wilaya muulize. Msiwashe moto kwanza.

Labda utasema, "Ni karatasi za kijiji tu, nani atazitaka?" Huko Dar es Salaam, katika Nyaraka za Taifa, yamo majalada ya utawala wa Wajerumani, yenye umri zaidi ya miaka mia moja. Mwaka 1997 UNESCO iliyaingiza katika orodha ya kumbukumbu za dunia. Makarani walioyaandika hawakufikiri juu ya dunia. Walikuwa wakiandika mambo ya kodi, mashamba na barabara.

SIKU YA MAKABIDHIANO

Kuliko mchwa na mvua, karatasi hupotea zaidi siku kiongozi anapobadilishwa. Mwenyekiti na wajumbe huchaguliwa kila baada ya miaka mitano. Mtendaji huhamishwa. Anayeondoka ana haraka ya kufunga mizigo. Anayeingia hajui aulize nini. Mimi mwenyewe nilipohamishwa mara ya kwanza niliacha rejista za madarasa manne katika bahasha moja juu ya kiti. Nilipoandika kuziulizia, kiti kilikuwapo, bahasha haikuwapo. Wanakisomo 90 na zaidi walikosa ushahidi wa mahudhurio yao, nami nikaona haya.

Kwa hiyo fanyeni makabidhiano mchana, mezani, mbele ya shahidi. Chukueni ile orodha iliyobandikwa kabatini. Itajeni namba moja moja, na jalada liwekwe mezani. Andikeni karatasi ya mwisho katika kila jalada ni ya ngapi. Vitabu vya stakabadhi vihesabiwe, vilivyotumika na visivyotumika. Muhuri uandikwe. Jalada lililoazimwa liandikwe liko kwa nani, nalo lifuatwe siku hiyohiyo. Orodha iwe na nakala tatu. Anayeondoka abaki na moja, anayeingia apewe moja, na ya tatu itiwe katika jalada. Wote wawili watie sahihi, na shahidi pia. Funguo za sanduku zikabidhiwe mwisho, baada ya sahihi kutiwa.