Pesa Moja ni Kiasi Gani?

(Mazungumzo ya redioni. Somo: Marko 12:38-44)

Leo twataka kuzungumza nanyi habari ya neno ambalo hata mtoto anayetumwa dukani kununua chumvi analijua vema. Neno hilo ni pesa.

Siku hizi tukisema pesa, maana yake ni mali yoyote ya kununulia vitu, iwe ni noti, sarafu au fedha iliyo katika benki. Lakini zamani haikuwa hivyo. Pesa ilikuwa jina la sarafu moja tu, tena ndogo, ya shaba nyekundu. Mtu angeweza kusema, "Nipe pesa tatu," kama vile sisi tunavyosema, "Nipe shilingi tatu."

Jina hilo lilitoka Bara Hindi, ambako sarafu hiyo huitwa paisa. Wafanyabiashara wa Kihindi waliileta pwani yetu pamoja na rupia, sarafu kubwa ya fedha. Hesabu yake ilikuwa hivi: rupia moja ilikuwa na ana 16, na kila ana ilikuwa na pesa 4. Kwa hiyo rupia moja ilikuwa pesa 64. Tafadhali ishikeni hesabu hii, maana tutairudia.

Mwaka 1882 Sultani Sayyid Barghash wa Unguja alitoa pesa zake mwenyewe za shaba, zenye picha ya mizani. Mwaka 1888 Kampuni ya Imperial British East Africa ikatoa pesa za Mombasa, nazo pia zikawa na mizani. Upande wa Tanganyika, Kampuni ya Kijerumani ilianza kutoa pesa mwaka 1890. Kisha reli ilipojengwa kutoka Mombasa hadi Kisumu, kati ya mwaka 1896 na 1901, rupia na pesa zilisafiri pamoja nayo mpaka bara. Kodi ya nyumba nayo ikadaiwa kwa rupia, na watu wengi ambao mali yao ilikuwa mbuzi na nafaka walilazimika kwenda kutafuta sarafu.

Mwaka 1904 Wajerumani waliacha pesa, wakaigawa rupia katika heller 100. Ndugu zetu wa Tanzania hata leo husema "hela" kwa sababu hiyo. Mwaka 1905 Waingereza nao wakaigawa rupia katika senti 100, na baadaye zikaja zile senti zenye tundu katikati, ambazo wazee wetu walizitunga katika kamba. Basi pesa ya shaba ikatoweka mikononi mwa watu, lakini jina lake likabaki vinywani. Rupia iliyokuwa kubwa imesahauliwa, na jina la sarafu ndogo ndilo limekuwa jina la mali yote. Je! si jambo la kushangaza?

Sasa na tulifungue somo letu. Bwana Yesu ameketi hekaluni kuelekea sanduku la hazina. Mapokeo ya Wayahudi yasema kwamba palikuwa na masanduku 13, yenye midomo mfano wa tarumbeta. Matajiri wanatia nyingi. Kisha anakuja mama mmoja mjane, maskini, anatia sarafu mbili tu.

Katika Kiyunani sarafu hizo zaitwa lepta. Zilikuwa vipande vyembamba vya shaba, vidogo kuliko ukucha wa kidole gumba. Biblia yetu ya Union, iliyotoka mwaka 1952, yaziita senti, na yatumia pia neno pesa kuonyesha kiasi chake. Marko mwenyewe aeleza kwamba lepta mbili zilikuwa sawa na kodransi moja ya Kirumi. Kodransi ni nini? Dinari ya Kirumi ilikuwa na asi 16, na kila asi ilikuwa na kodransi 4. Zidisheni, wapendwa. Dinari moja ilikuwa kodransi 64, kama vile rupia moja ilivyokuwa pesa 64! Hata mgawanyo wake ni ule ule, 16 mara 4. Basi kwa kipimo cha sarafu zetu za kale, yule mjane alitia pesa moja hasa.

Pesa moja ilinunua nini? Twajua kutoka mfano wa wafanyakazi wa shamba la mizabibu kwamba dinari moja ilikuwa ujira wa kutwa. Kodransi basi ilikuwa sehemu moja ya 64 ya ujira huo. Mtu akifanya kazi saa kumi, kodransi ni ujira wa dakika tisa hivi. Huko Rumi ilikuwa ada ya kuingia katika bafu ya watu wote. Kwa tajiri si kitu. Lakini Bwana alisema kwamba mama huyu ametoa kuliko wote, maana wengine walitoa katika ziada yao, naye alitoa riziki yake yote.

Hapa mahubiri mengi huishia. Twawaambia washarika, "Haya, toeni kama mjane," kisha twapitisha kikapu. Lakini sisi twawaomba msome aya zinazotangulia. Kabla tu ya mjane kuingia, Bwana alikuwa akiwaonya watu juu ya waandishi, waliopenda kusalimiwa masokoni na kuketi mbele, huku wakila nyumba za wajane na kusali sala ndefu. Mara akaja mjane mwenye sarafu mbili. Je! nyumba yake ilikwenda wapi? Nani aliyemfanya abaki na pesa moja? Marko hasemi. Lakini ameyaweka mambo haya mawili karibu karibu, ili tusisifu sadaka ya maskini na huku tukinyamaza juu ya wanaomfukarisha.

Nchi yetu nayo ina somo juu ya jambo hili. Kabla ya Vita Vikuu vya Kwanza, rupia 15 zilikuwa sawa na pauni moja ya Kiingereza. Baada ya vita bei ya fedha ilipanda sana, na mwaka 1920 serikali ikaamua kwamba rupia 10 ziwe pauni moja. Rupia ikageuzwa kuwa florini, na mwaka 1921 florini moja ikawa shilingi mbili. Mtu aliyekuwa na deni la rupia 1,500 alijua kwamba zamani ni pauni 100, sasa akahesabiwa pauni 150. Walowezi wengi walikuwa na madeni hayo, wakaona hasara kubwa.

Walifanyaje? Mwaka 1921 waliazimia kupunguza mishahara ya wafanyakazi Waafrika kwa thuluthi moja. Katika vitabu vya tajiri hesabu hiyo ilikaa sawa. Lakini mfanyakazi hakununua nguo na sukari kwa pauni za London. Alinunua dukani, ambako bei zilikuwa zimepanda tangu vita, na kodi nayo ilikuwa imeongezwa. Harry Thuku, kijana aliyefanya kazi ya simu katika Hazina ya serikali mjini Nairobi, alikuwa miongoni mwa waliosimama kupinga. Alikamatwa tarehe 14 Machi 1922, na siku mbili baadaye watu waliokusanyika kudai afunguliwe walipigwa risasi. Serikali ilihesabu waliokufa kuwa 21.

Wapendwa, sarafu ni kitu kidogo, lakini hubeba jasho la mtu. Wakubwa wanapogeuza hesabu, mwenye senti ndiye huumia kwanza. Wale waliochora mizani juu ya pesa za Unguja na Mombasa walionyesha jambo la kweli: fedha isiyo na haki ni udanganyifu. Kitabu cha Mithali nacho chatufundisha kwamba Mungu huchukizwa na mizani ya hila.

Basi na tujiulize maswali matatu. Kwanza, yuko mtu anayetufanyia kazi nyumbani au shambani ambaye mwisho wa mwezi tunamwambia, "Ngoja kidogo," hali sisi tumekwisha kula? Pili, sisi wachungaji, wazee wa kanisa na waweka hazina, je, tunaihesabu pesa ya mama mjane kwa uangalifu ule ule tunaohesabu noti za mgeni wa heshima? Alitoa riziki yake. Tukiipoteza bila kujali, tumekula nyumba yake. Tatu, katika harambee, tunapotaja majina ya waliotoa nyingi na kuwapigia makofi, tumemwacha wapi yule ambaye Bwana alimtazama?

Nawe mama au baba unayetusikiliza, uliye na kidogo sana, usione haya. Bwana hakutazama kishindo cha sarafu zilizoanguka sandukuni. Alitazama moyo uliotoa, na mkono uliobaki mtupu. Aliijua hesabu ya pesa moja kuliko mtunza hazina yeyote wa hekalu.

Na tuombe. Ee Bwana, wewe uliyeketi ukawatazama watu wakitoa sadaka, utupe mioyo ya ukarimu na mikono ya haki. Utuzuie tusichukue cha mjane, wala ujira wa mfanyakazi. Utufundishe kuheshimu kilicho kidogo, kwa kuwa kwako hakuna kilicho kidogo. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.