Saini ya Mkubwa

Kampuni haiwezi kufungwa jela. Hupigwa faini, faini ikalipwa kutoka mfuko wa kampuni, na waliopitisha malipo machafu mara nyingi hubaki na vyeo vyao. Ndiyo maana kesi ya Glencore, kampuni yenye makao makuu Uswisi na migodi ya KCC na Mutanda upande wa Kolwezi, inatuhusu sana hapa Lubumbashi. Tarehe 24 Mei 2022 ilikiri mbele ya mahakama ya Marekani kwamba ilihonga katika nchi kadhaa. Kwa Kongo peke yake ilikiri kuwalipa watu wa kati dola milioni 27.5 hivi, ikikusudia sehemu ya fedha hizo iwafikie maofisa wa serikali. Desemba mwaka huohuo ikakubali kuilipa Kongo dola milioni 180.

Makubaliano ya Marekani yalikuwa na sharti geni kwa wakati ule. Muda wa kampuni kuchungwa na serikali hiyo ukikaribia kwisha, mkurugenzi mkuu na mkuu wa kitengo kinachosimamia utii wa sheria walitakiwa watie saini, kila mmoja kwa jina lake, kwamba mfumo wa kuzuia rushwa umewekwa na unafanya kazi. Huko, kuidanganya serikali kwa makusudi kunaweza kumpa mtu kifungo cha hadi miaka 5. Kughushi kumbukumbu ili kuzuia uchunguzi, hadi miaka 20.

Lakini mkubwa aliyeko Uswisi anajua nini? Anajua kile alichoandikiwa. Chukua mhasibu anayekaa Bel-Air, komini ya Kampemba. Mezani kwake inafika fakturi ya "ushauri": haina ripoti, na aliyeshauri hajulikani. Akiipitisha kimya, ile saini ya Uswisi imesimama juu ya hewa. Kwa hiyo kampuni nyingi huwataka wakuu wa idara wathibitishe kwanza, kila mmoja eneo lake.

Hapo ndipo ninapoona hatari. Saini za wadogo zinaweza kugeuzwa ngao ya wakubwa. Anayetakiwa kuthibitisha lazima awe na uwezo wa kusimamisha malipo, na njia ya kuifikia bodi bila kupitia kwa mkurugenzi mkuu. Asipopewa hayo, anaandaliwa kubeba kosa la mwingine.

Nasi tuna sheria. Mwaka 2012 Kongo iliingia OHADA, umoja wa nchi za Afrika zenye sheria za biashara za pamoja, na sheria ya makampuni ya umoja huo inamruhusu aliyedhurika kumdai msimamizi binafsi kwa makosa ya uongozi. Basi, ili ushahidi uwepo, mhasibu wetu airudishe fakturi ile kwa maandishi, aeleze kinachokosekana, aweke tarehe, na abaki na nakala.