Subaru au Altezza? Shauri la Kununua Motokaa ya Mbio Iliyokwisha Tumika

Wenzangu wengi hapa shuleni hupenda kubishana juu ya motokaa za mbio, na ubishi huo karibu kila mara huishia katika majina mawili: Subaru Impreza na Toyota Altezza. Magari ya fahari ya Italia na Ujerumani twayaona katika picha tu. Lakini hizi mbili hutoka Japani zikiwa zimekwisha tumika, hushushwa katika bandari ya Dar es Salaam, hupita mpakani Kobero, na kufika Bujumbura kwa bei ambayo mtu wa biashara ndogo aweza kuifikia akijinyima miaka kadhaa. Kaka yangu mkubwa ni mmoja wa watu hao. Ameuza ndagala kwa miaka 5, akaweka akiba, na sasa ataka motokaa moja kati ya hizo, ajifurahishe nayo na kuikodisha siku za arusi. Katika akiba hiyo hiyo imo karo ya wadogo zetu wawili. Kwa hiyo nimeona si vibaya nieleze niliyoyaona na kuyasikia katika garaji ya mjomba wetu kule Buyenzi, ambako mimi husaidia kazi wakati wa likizo.

Nianze na Subaru, maana ndiyo inayopendwa zaidi. Sifa yake ilitoka katika mashindano. Impreza ya namna ya WRX ilianza kuuzwa Japani mwaka 1992. Mwaka 1995 Colin McRae wa Scotland alikuwa bingwa wa dunia akiendesha Impreza, na mwaka 1997 akashinda nayo Safari Rally kule Kenya. Mwaka 2000 Richard Burns naye akaishinda Safari kwa Impreza. Injini yake haifanani na za motokaa nyingine nyingi. Silinda zake 4 hazikusimama, bali zimelala, 2 kulia na 2 kushoto, na pistoni zake huenda na kurudi kama mabondia wawili wanaorusha ngumi bila kufikiana. Kwa kuwa injini imelala, uzito uko chini, na motokaa haiyumbi sana kwenye kona. Tena magurudumu yote 4 husukuma, jambo ambalo kila mtu aliyepita njia ya udongo wakati wa mvua hulijua thamani yake.

Zile zenye nguvu zaidi zina turbo. Turbo ni feni ndogo inayozungushwa na moshi utokao katika injini, nayo huisukumia injini hewa nyingi kuliko ile ambayo ingeivuta yenyewe. Kwetu jambo hili lina maana. Mji wetu uko karibu meta 800 juu ya usawa wa bahari, lakini ukishika barabara ya Bugarama, katika kilometa kama 35 umekwisha pita meta 2,000. Huko juu hewa ni nyepesi, na injini ya kawaida huanza kulalamika; yenye turbo hupungukiwa kidogo tu. Nakiri kwamba hakuna sauti inayonifurahisha kama ya Subaru ikipanda mlima huo.

Lakini feni ile huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika moja, na kinachoizuia isiungue ni oili ya injini. Oili ikichakaa, au ikipungua bila mwenye gari kutazama, turbo hufa, na mara nyingine injini nayo hufa pamoja nayo. Mtu akishuka mbio kutoka safari ndefu, sharti aiache injini izunguke polepole dakika moja au mbili kabla ya kuizima, ili turbo ipoe huku oili ingali ikipita. Ni madereva wangapi mjini mwetu wenye subira hiyo? Nimeona mmoja akizima injini hata kabla gari halijasimama sawasawa.

Tena kuna shida ya kulala kwa injini. Plagi ziko ubavuni, zimebanana na kuta za gari, na kazi ambayo kwa Corolla ni ya robo saa huwa ya asubuhi nzima. Gasketi za vichwa vya silinda zikiharibika, mafundi wengi huona heri waitoe injini yote nje kuliko kupambana nayo ndani. Jambo jingine ambalo wanunuzi wengi hawaambiwi ni matairi. Katika motokaa inayosukumwa na magurudumu yote, matairi yote 4 yapasa kuwa ya kipimo kimoja na yaliyochakaa sawasawa. Tairi moja likipasuka, ukanunua moja jipya na kuliweka pamoja na matatu makuukuu, magurudumu hayazunguki sawa, na mashine ya kati inayogawa nguvu mbele na nyuma hupata moto siku zote mpaka iharibike. Basi msumari mmoja wa barabarani waweza kukudai matairi 4.

Sasa Altezza. Toyota waliitengeneza tangu mwaka 1998 mpaka 2005, na katika nchi nyingine iliuzwa kwa jina la Lexus IS. Husukuma kwa magurudumu ya nyuma peke yake, na hapa sharti mnunuzi afumbue macho, kwa maana ziko Altezza za namna mbili zenye sura moja. Ile ya RS200 ina silinda 4, nguvu za farasi 210 kwa yenye giya za mkono, na injini iliyobanwa sana kama ya mashindano. Ile ya AS200 ina silinda 6 zilizopangwa mstari mmoja, nguvu za farasi 160, na mwendo wake ni wa upole zaidi. Vijana huitaka ya kwanza. Mjomba huitaka ya pili, na sababu yake ni kwamba injini hiyo, iitwayo 1G, ndiyo iliyotumika pia katika Mark II na Crown, magari ambayo mafundi wamekwisha yafungua mara nyingi. Kipuri chake chaweza kutolewa katika gari jingine lililokufa.

Altezza nayo ina maradhi yake. Viungo vya chini vya magurudumu ya mbele huchoka, na barabara zetu zenye mashimo huviharakisha. Ni motokaa ya chini, na kwenye matuta hujikwaruza tumbo. Mvua ikinyesha, dereva anayekanyaga mafuta kwa pupa ataiona nyuma yake ikitaka kutangulia mbele.

Kuna kitu kimoja ambacho zote mbili, Impreza za miaka hiyo na Altezza, zinacho, nacho ndicho kilichomfanya mjomba amkalishe kaka chini: mkanda wa taimingi. Ni ukanda wa mpira wenye meno, unaofunga pamoja mzunguko wa pistoni na ule wa vali, ili vali zifunguke na kufunga kwa wakati wake. Ukikatika njiani, vali hubaki wazi na pistoni huzigonga. Kwa sekunde moja injini imekwisha. Kwa kawaida hubadilishwa kila kilometa 100,000, lakini mpira huzeeka kwa miaka pia, hata gari likiwa limelala tu. Altezza changa kabisa ni ya mwaka 2005, basi kilometa chache kwenye saa hazitoshi kumtuliza mtu; na tena saa ile yaweza kurudishwa nyuma. Mafundi wa Japani wakibadilisha mkanda hubandika karatasi ndogo karibu na injini, wakiandika ulibadilishwa katika kilometa ngapi. Ikiwa kibandiko hakipo, hesabu kwamba mkanda haukubadilishwa. Mjomba alipiga gharama ya injini iliyovunjika vali, na jumla yake ilizidi karo ya mwaka ya wadogo zetu wote wawili.

Petroli nayo ina neno lake. WRX ya turbo na Altezza ya RS200 zilitengenezwa kwa petroli bora ya Japani, na zikinyweshwa petroli hafifu injini hugonga ndani kama mtu anayetikisa kokoto katika kopo. Katika mwaka 2024 na 2025 mji wetu ulipata shida kubwa ya mafuta, watu wakanunua katika madumu bila kujua kilichomo. Gari la kawaida laweza kuvumilia dumu la namna hiyo. Turbo haivumilii.

Anayekwenda kutazama gari na aende asubuhi, injini ikiwa baridi, wala asikubali kuikuta imekwisha washwa. Moshi wa buluu maana yake oili inaungua. Moshi mweupe usiokoma, maji yanaingia katika silinda. Afungue kifuniko cha oili: akiona utando kama maziwa, maji na oili vimechanganyika. Aombe karatasi ya mnada wa Japani, na akiona herufi R mahali pa daraja, ajue gari liliwahi kugongwa likatengenezwa. Kisha alipandishe njia ya Bugarama akitazama mshale wa joto. Muuzaji anayekataa mlima huo amekwisha jibu.

Kwa hayo yote, mimi nachagua Altezza ya silinda 6, ijapokuwa roho yangu iko kwa Subaru. Kaka amekwisha iona moja huko Kinindo. Rangi yake nzuri, matairi mazuri, mshale ulitulia mlimani, ila kibandiko cha mkanda hakipo. Amemwambia muuzaji aondoe katika bei gharama ya mkanda mpya, pampu ya maji na kazi ya fundi. Muuzaji ameomba apewe mpaka Jumamosi afikiri.