Muarobaini Hauoshi Ukoo

Swali huja hivi, na wiki hii limekuja tena: “Daktari, mama ana sukari, mama mdogo ana sukari. Nimewaanzishia watoto muarobaini kila Jumamosi damu isafike wasije kurithi. Niwape kijiko au kikombe?”

Usiwape chochote. Nimeshalijibu hili kliniki, msibani na kwenye foleni ya benki, kwa hiyo leo naliandika ili atakayeuliza tena apewe gazeti.

Tuanze na hiyo damu. Mtu alichorithi hakikai kwenye damu kama taka kwenye mtaro. Kiliingia siku mimba ilipotungwa, nusu kwa baba, nusu kwa mama, na kimo katika kila seli yenye kiini: ya ngozi, ya ini, ya kongosho. Na chembe nyekundu zilizokomaa, hizo hizo zinazoipa damu rangi yake, hazina kiini wala jeni hata moja. Zioshe mpaka uchoke, urithi hujaugusa.

Halafu uchungu. Watu wanaamini kichungu huua kitamu, ndiyo maana dawa zote hizi, muarobaini, shubiri, karela, sharti zimkunje mtu uso. Ladha huishia ulimini. Ipo dawa chungu kweli inayoshusha sukari, nayo ni kwinini. Enzi za kuitundika kwa dripu kutibu malaria kali tuliiogopa kwa sababu hiyo hiyo, hasa kwa wajawazito na watoto. Haishushi kwa uchungu wake. Inalichokoza kongosho limwage insulini, sukari inaanguka, mgonjwa anapoteza fahamu. Metformini nayo, tembe wanayomeza wagonjwa wengi wa kisukari, chimbuko lake ni mmea wa Ulaya uitwao galega. Sina ugomvi na majani, na yapo yanayoshusha sukari kidogo. Ugomvi wangu ni na dumu lisilo na kipimo, analouziwa mzazi kwa ajili ya mtoto asiyeumwa.

“Mbona watoto wa jirani walikunywa na hawakuugua?” Mzazi mmoja akiwa na kisukari cha aina ya pili, uwezekano wa mtoto kukipata maishani mwake ni kama asilimia 40. Wazazi wote wawili wakiwa nacho, ni kama 70. Kwa mzazi mmoja, basi, kama watoto sita kati ya kumi hawatakipata hata wakinywa chai ya rangi tu. Mganga huwahesabu hao sita kuwa wake. Wale wanne, ugonjwa ukiwatokea wakiwa na miaka 45, wataambiwa walivunja masharti. Biashara ya namna hiyo haifilisiki.

Na jeni zenyewe hazitoi hukumu. Zimetambuliwa mamia, nyingi zikichangia kidogo kidogo. Tafiti zimeonyesha pia kwamba anayeishi na mume au mke mwenye kisukari ana hatari kubwa kuliko wengine, na wanandoa hawana damu moja. Wanapakua sufuria moja.

Kinachonimaliza subira kabisa ni aina ya kwanza. Hapo kinga ya mwili huziua seli zinazotengeneza insulini, mara nyingi kwa mtoto au kijana, na wengi wao hawana ndugu yeyote mwenye ugonjwa huo. Ukoo unashangaa: kwetu hakuna, huyu kakitoa wapi? Anatafutwa mganga, mganga anasema sindano zisimame kwanza ili dawa yake ifanye kazi. Mtoto huyo akikosa insulini, ndani ya siku chache damu inajaa asidi, anatapika, anahema kwa nguvu, anazimia. Nimewapokea wa namna hiyo. Wengine hawakufika.

Sasa yanayofaa, haraka haraka. Ukisema kwenu hakuna kisukari, kumbuka zaidi ya nusu ya walionacho Afrika hawajui; bibi aliyekufa na kidonda kisichopona alipimwa wapi? Mwenye mzazi, kaka au dada mgonjwa, mwenye kitambi, na aliyewahi kupata kisukari cha mimba wapime kila mwaka, asubuhi kabla ya kula. Sukari ikisoma milimoli 7.0 kwa lita au zaidi na kipimo kikirudiwa ikawa hivyo hivyo, ni kisukari. Kati ya 6.1 na 6.9 ni onyo, na hapo ndipo pa kushika. Jaribio lililochapishwa Marekani mwaka 2002 lilikuwa na watu zaidi ya 3,000 ambao sukari yao ilishaanza kupanda, wengi wakiwa na ndugu wa karibu mgonjwa. Waliolenga kupunguza asilimia 7 ya uzito na kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki walipunguza hatari kwa asilimia 58. Waliomeza metformini, 31. Kwa mwenye kilo 80, hiyo asilimia 7 ya uzito ni kama kilo tano na nusu. Soda ndiyo iondoke kwanza, kisha mlima wa ugali upungue, mboga iongezeke. Mwenye selimundu amwambie daktari, kwa maana kipimo cha wastani wa miezi mitatu kinaweza kumdanganya. Na mtoto anayekunywa maji bila kutosheka, aliyerudia kukojoa kitandani na anayekonda, apimwe sukari siku hiyo hiyo, hata kama ni saa nane za usiku.