Fidla ya Tango na Kisichoandikwa Karatasini

Wapo wanaodai kwamba Gidon Kremer, mpigaji fidla mzaliwa wa Riga, aliuvuruga muziki wa Astor Piazzolla, mtunzi wa tango wa Argentina, alipourekodi kwa namna yake katika albamu ya Hommage à Piazzolla, iliyotoka mwaka 1996. Lawama hiyo huchukulia kwamba tango imekwisha kamilika karatasini. Naikataa dhana hiyo, kwa sababu karatasi ya tango ni mifupa mitupu. Nota zinaweza kuandikwa kwa urefu sawa, lakini mpigaji wa Buenos Aires huzichelewesha hizi, huziharakisha zile, kisha hukutana na wenzake kwenye pigo zito. Zipo pia sauti ambazo fidla ya Mozart haizijui: chicharra, yaani nyenze, ambapo upinde hukwaruzwa nyuma ya daraja la nyuzi mpaka isikike kama msasa, na látigo, yaani mjeledi, ambapo kidole huteleza juu ya uzi kwa kasi na sauti ikachapa. Tena Piazzolla alitunga akiwafikiria watu, si chombo tu. Kibao chake cha Vardarito ni kumbukumbu ya mpigaji fidla Elvino Vardaro. Kingine, Escualo, alikitunga kwa ajili ya fidla ya Fernando Suárez Paz, aliyejiunga na kundi lake la watu watano mwaka 1978. Kabla yake alikuwapo Antonio Agri, ambaye aliuvuta wimbo kwa ulaini, ilhali Suárez Paz aliuuma. Mtunzi aliwakubali wote wawili.

Nitajibiwa kwamba hao walikulia ndani ya tango, Kremer ni mgeni. Lakini tango yenyewe imejengwa na wageni na watoto wao. Julio De Caro, aliyeipa fidla hadhi mpya kwa kundi lake la watu sita miaka ya 1920, alikuwa mtoto wa wahamiaji wa Kiitalia, na baba yake alimtaka apige muziki wa klasiki. Piazzolla naye alikwenda Paris mwaka 1954 kusoma kwa Nadia Boulanger, mwalimu wa utunzi wa muziki wa klasiki. Pingamizi lenye uzito ni jingine: je, uhuru huu hauna mpaka? Unao, nao ni mapigo. Piazzolla hupenda kugawa mapigo madogo manane kwa matatu, matatu na mawili, na besi pamoja na mkono wa kushoto wa piano huyalinda. Fidla ina ruhusa ya kutangatanga kwa sababu hao hawaondoki. Ndiyo maana, kwa sikio langu, Kremer hufaulu zaidi katika Escualo, ambako mapigo humbana kila upande, kuliko katika Oblivion, kibao kingine cha Piazzolla, ambako kila chombo hulegea pamoja naye na msikilizaji akakosa pa kuegemea.