Kompyuta ya Bodi Isihukumiwe Kabla ya Kupimwa

Mwenye gari ambaye waipa zake huanza kufuta kioo mchana wa jua kali pasipo kuguswa, ambaye vioo vya milango yake hugoma kushuka, na ambaye betri yake iliyochajiwa jana hukutwa alfajiri haina nguvu hata ya kupiga honi, aghalabu huambiwa na fundi wa kwanza amwendeaye kwamba kisanduku kiitwacho kompyuta ya bodi kimekufa, na sharti kinunuliwe kingine. Huenda ikawa kweli. Lakini kwa kuwa hukumu hiyo ina gharama kubwa, na kwa kuwa mara nyingi hutolewa kabla chombo chochote cha kupimia hakijaguswa, naona ni wajibu kueleza kisanduku hicho ni kitu gani, huharibiwa na nini, na kubadilishwa kwake kuna masharti gani, ili msomaji asiye na elimu ya umeme wa magari apate la kuuliza mbele ya fundi wake.

Katika magari ya zamani kila haja ilikuwa na waya wake: dereva alipobonyeza swichi ya taa, umeme ulipita ndani ya swichi yenyewe, au kwa msaada wa rilei, ukaenda hadi kwenye taa. Kadiri starehe zilivyoongezeka, mafungu ya nyaya yalizidi unene, uzito na bei, mpaka kampuni ya Bosch ya Ujerumani ilipobuni mtandao uitwao CAN, ulioonyeshwa hadharani mjini Detroit, Marekani, mwaka 1986, ambao kwa nyaya mbili tu zilizosokotwa pamoja huviwezesha visanduku vya gari kupashana habari. Katika magari mengi ya sasa swichi ya taa haipeleki umeme kwenye taa, hupeleka ombi. Ombi hilo hupokewa na kompyuta ya bodi, nayo ndiyo itoayo amri ya taa kuwaka. Loki za milango, vioo, waipa, indiketa, honi, alamu, na katika magari mengi hata utambuzi wa ufunguo, vyote viko chini ya mamlaka yake, mfano wa karani wa forodhani ambaye shehena haishuki wala haipandi pasipo mhuri wake.

Adui yake mkubwa ni maji. Kisanduku hiki aghalabu hufichwa chini ya dashibodi, karibu na miguu ya dereva au ya abiria, mahali ambapo maji ya mvua hufika kwa siri ikiwa mifereji iliyo chini ya kioo cha mbele imezibwa na majani ya mti ambao gari hulazwa chini yake, au ikiwa kioo kilibadilishwa kikabandikwa vibaya. Gari lililopita katika mafuriko laweza kukaushwa viti na mazulia, likang'arishwa na kuuzwa, ilhali kutu inaendelea kula shaba ndani ya plagi. Na katika miji yetu ya pwani hewa ya chumvi huiharakisha kazi hiyo. Fauka ya maji kuna mikono ya watu: kushtua betri kwa nyaya zilizogeuzwa, kuchomelea bodi pasipo kuchomoa betri, na alamu za kuongezea zinazofungwa kwa kukata na kuviringisha nyaya ambazo fundi hakujua zinakwenda wapi. Namna hii ya mwisho yanisikitisha kuliko zote, maana mwenye gari hulipa fedha kwa ajili ya usalama, akajinunulia madhara.

Hata hivyo, si kila dalili ya ugonjwa wa kompyuta ni ugonjwa wa kompyuta. Mwezi wa Mei 2014, kampuni ya General Motors iliyaita yarudi kwa matengenezo magari yapatayo milioni 2.4 nchini Marekani, miongoni mwake Chevrolet Malibu za kuanzia 2004 hadi 2012, kwa sababu taa za breki ziliweza kukosa kuwaka breki ilipokanyagwa, au kuwaka bila kukanyagwa. Asili ya taabu ilikuwa ni kulika kwa maungio ya plagi ya kompyuta ya bodi, na dawa iliyoamriwa haikuwa kubadilisha kompyuta, bali kupaka maungio hayo grisi maalumu na kuifunza upya kompyuta mahali pa kanyagio la breki. Nakitaja kisa hiki kwa kuwa hapana hoja iliyo bora kuliko hiyo dhidi ya pupa ya kununua kisanduku kipya.

Fundi mwenye hadhari, basi, huanza na vilivyo rahisi. Hupima betri, ambayo ikiwa nzima na imepumzika huonyesha takriban volti 12.6, na injini inapowaka, katika magari mengi, baina ya 13.5 na 14.5, hukagua fyuzi kwa mita wala si kwa macho tu, huifuata athi, yaani waya wa kurudishia umeme, mpaka ilipofungwa kwenye bati la bodi na kuisugua kutu, hufungua plagi za kisanduku akitafuta ukungu wa kijani. Ndipo huchomeka mashine ya kupimia. Mashine hiyo hutoa misimbo ya hitilafu: uanzao kwa herufi B huhusu bodi, na uanzao kwa U huhusu mawasiliano, na huu wa pili ndio uwapotezao wengi: mashine ikisema kwamba kompyuta ya bodi haijibu, ukimya huo hausemi kwamba imekufa, kwani hata kompyuta nzima hunyamaza ikiwa haipati umeme au waya wa mtandao umekatika. Kwa hiyo fundi hutenganisha betri na kupima ukinzani baina ya pini ya 6 na ya 14 katika soketi ya mashine. Katika magari mengi mtandao mzima huonyesha karibu omu 60, kwa kuwa una vizuizi viwili vya omu 120, kimoja kila mwisho. Namba ikiwa 120, upande mmoja umekatika au kizuizi chake hakipo, na kosa laweza kuwa mbali na kisanduku kinachoshutumiwa.

Ikiwa baada ya hayo yote umeme unaingia sawasawa, athi ni safi, mtandao hauna ila, na bado amri haitoki, basi kisanduku ndicho chenye kosa. Hata hapo yafaa kwanza kumwonyesha fundi wa elektroniki, maana wako miongoni mwao wanaoweza kukifungua na kubadilisha rilei ndogo iliyoungua ndani yake kwa sehemu ndogo ya bei ya kisanduku kingine. La kubadilishwa likithibiti, kazi ya mikono ni fupi: kutenganisha betri, kufungua skurubu, kuhamisha plagi. Kazi nzito ni kukitambulisha kisanduku kwa gari.

Kisanduku cha mtumba chenye umbo lile lile si lazima kifae. Namba ya spea sharti ilingane, maana magari mawili ya jina moja huweza kutofautiana kwa taa, loki au alamu. Tena, kisanduku kilichotoka katika gari jingine huja na kumbukumbu za huko, yaani namba ya chasi na funguo ambazo si zako. Mahali ambapo utambuzi wa ufunguo uko ndani yake, gari laweza kukataa kuwaka kabisa. Ndiyo maana fundi hodari, kabla ya kuking'oa cha zamani ambacho bado kinajibu, huisoma na kuihifadhi mipangilio yake, ili aihamishie katika kipya. Wakati wa kuprogramu, betri hushikizwa kwa chaja yenye umeme thabiti. Volti zikianguka katikati ya kazi, kisanduku kipya huweza kufa kabla hakijatumika.

Nakusihi, msomaji, gari lako likihukumiwa hivi, umwombe fundi akuonyeshe vipimo kabla hujatoa fedha, na akurudishie kisanduku cha zamani baada ya kazi. Na siku hiyo uchukue funguo zote, hata ule wa akiba uliosahauliwa kabatini, kwa kuwa katika baadhi ya magari ufunguo usiokuwapo wakati wa utambulisho hufutwa, na hautaliwasha tena gari mpaka ulipe upya.